Sungura anayekula matandiko ya choo chake

"Shikamoo daktari. Mwanangu alipewa sungura dume, sasa ana miezi minane na uzito wa kilo mbili. Tunaishi ghorofani, Dar es Salaam, kwa hiyo sungura anafugwa ndani, na choo amekijua vizuri, anaingia kwenye beseni lake bila kusukumwa. Shida ni kwamba anakula kilichomo. Mwanzo nilimwekea maranda ya kwa fundi seremala, akawa anayatafuna. Wiki mbili zilizopita nikanunua mchanga wa paka, ule unaoganda ukilowa, nao anaulamba na kuutafuna. Nikimfukuza anarudi. Chakula hakosi: asubuhi na jioni namjazia bakuli la peleti, pamoja na mchicha na karoti nzima. Nyasi simpi, huku juu nitazitoa wapi? Jirani mmoja kasema amekosa chumvi, ninunue jiwe la kulamba. Mwingine kasema ni utundu wa ujana tu, nipake pilipili kwenye beseni. Nifanye nini?"

Marahaba, dada. Kabla hujaendelea kusoma, nenda ukauondoe huo mchanga wa paka. Usisubiri uishe wala usisubiri upate kitu kizuri zaidi. Kwa usiku wa leo chana magazeti makavu, yatandaze kwenye beseni, yanatosha. Mengine tutayazungumza taratibu.

Haraka yangu ni hii. Mchanga unaoganda hutengenezwa kwa udongo wa bentonaiti, na sifa yake kubwa ni kunyonya maji, kuvimba na kushikamana kuwa bonge. Kwenye choo cha paka hilo ndilo linalotakiwa. Tumboni mwa sungura udongo ule ule unakutana na majimaji, na unaweza kuvimba na kuganda kama unavyoganda ukilowa mkojo. Paka akila kitu kibaya hutapika. Sungura hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo alichomeza hakina njia nyingine zaidi ya kupita utumbo mzima mpaka mwisho, kikikwama kimekwama. Na hata asiyeutafuna huumeza kidogo kidogo, kwa sababu vumbi lake hung'ang'ania kwenye nyayo, naye hujilamba nyayo siku nzima. Ule mchanga wa vijiwe vyeupe vinavyong'aa, wa silika, nao usimpe.

Wiki mbili zimepita na bado anakula na kunya, kwa hiyo sioni sababu ya hofu kubwa. Ila kwa siku tatu nne zijazo hesabu gololi zake, yaani vile vidonge vya mviringo vya kinyesi chake. Sungura wa kawaida hutoa gololi 200 hadi 300 kwa siku. Huna haja ya kuhesabu moja moja, fagia asubuhi na jioni uangalie rundo. Likipungua ghafla, au gololi zikawa ndogo kama punje za pilipili manga, ruka hadi aya za mwisho za jibu hili.

Sasa tuje kwenye sababu. Wewe unaona sungura mwenye tabia mbaya. Mimi katika swali lako nimeona sentensi moja, "nyasi simpi", na karibu kila kitu kinaanzia hapo. Bakuli limejaa, lakini mnyama ana njaa ya nyasi. Anatafuta kitu kikavu, kirefu, cha kutafuna muda mrefu, na kitu pekee cha namna hiyo ndani ya nyumba yenu kimo chooni.

Tumbo la sungura limeumbwa kupokea nyasi mchana na usiku. Chakula kikishapita kwenye utumbo mwembamba, kinafika mahali ambapo utumbo unakichambua kama mtu anayepepeta mchele. Nyuzi ndefu na ngumu, ambazo hawezi kuzimeng'enya, husukumwa mbele na kutoka zikiwa zile gololi kavu unazozifagia. Chembe ndogo, za chini ya nusu milimita hivi, hurudishwa nyuma pamoja na majimaji hadi kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na humo bakteria huzichachusha. Kilichochachuka hutoka baadaye kama kinyesi cha aina ya pili: laini, cheusi, chenye kung'aa, kimeshikana mfano wa tunda la forosadi. Hicho sungura hukila palepale kinapotoka. Kina vitamini za kundi B na protini iliyotengenezwa na bakteria, na bila hicho afya yake hudhoofu.

Zile nyuzi ndefu zinazoonekana kama hazina faida ndizo zinazousukuma utumbo ufanye kazi. Zikikosekana, utumbo unapunguza mwendo. Peleti haziwezi kushika nafasi yake hata kama mfuko umeandikwa kwamba zina nyuzinyuzi nyingi, kwa kuwa nyasi zilizomo zimesagwa laini kabla ya kushindiliwa. Tena peleti nyingi zinazouzwa kwetu zimelengwa kwa wafugaji wanaotaka sungura anenepe haraka aende sokoni. Sungura wa nyumbani, anayetakiwa kuishi miaka minane au kumi, hahitaji kunenepeshwa.

Halafu kuna meno. Meno ya sungura, ya mbele na magego pia, hayaachi kukua maisha yote. Yale ya mbele hurefuka milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, taya likienda kushoto na kulia mamia ya mara. Peleti anazivunja kwa kuuma tu, na bakuli lote linakwisha kwa dakika chache. Baada ya hapo mdomo hauna kazi, na usiku bado ni mrefu.

Kwa hiyo dawa ni nyasi kavu, wakati wote, bila kipimo. Rundo la siku moja liwe angalau na ukubwa wa mwili wake mwenyewe, na lisiishe. Hiki ndicho chakula chake, vingine ni kitoweo.

Utazipata wapi ghorofani? Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa jiji hununua nyasi kavu kwa marobota, mara nyingi za aina ya Rhodes. Ulizia kwao au kwenye duka la pembejeo za mifugo. Robota la kilo 12 hadi 15 litamtosha sungura mmoja zaidi ya miezi miwili hata ukihesabu anazozichezea na kuzimwaga. Kabla hujalipa, ingiza mkono katikati ya robota. Ndani pawe pakavu, pasiwe na joto, panukie kama chai kavu. Ukiona vumbi la kijivu linatimka, au unasikia uvundo, liache hata kama unapunguziwa bei, maana hiyo ni ukungu. Nyumbani lihifadhi kwenye kiroba kinachopitisha hewa, juu ya kitu, lisiguse sakafu. Mfuko wa nailoni uliofungwa, kwa joto la Dar na hasa wakati wa masika, utaliozesha.

Unaweza pia kukausha mwenyewe. Ukoka, au nyasi zozote za malisho zilizokatwa zinapoanza tu kutoa maua, zianike kwa safu nyembamba mahali penye upepo, uzigeuze mara mbili kwa siku, siku mbili hadi nne kutegemea jua. Ziwe bado na ukijani kidogo. Kupima kama zimekauka, tumia njia ya wakulima wa mahindi: kata nyasi vipande vidogo, tia kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha nyasi juani. Usikate kando ya barabara kuu wala mahali panapopigwa dawa ya magugu. Nyasi zilizosagwa na mashine ya kukatia bustani nazo achana nazo, huchacha ndani ya saa chache. Na kwa kuwa watu watakushauri majani ya kila namna: kisamvu kibichi na majani ya mtama mchanga yana sumu ya sayanidi, na majani ya lusina, ule mti wa malisho, yakiwa chakula cha kila siku huweza kumpukutisha manyoya.

Peleti usizikate kwa siku moja. Lengo ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 50 kwa siku kwa sungura wako. Zipime mara moja kwenye mzani wa duka, uweke alama kwenye kikombe. Punguza robo ya kiasi cha sasa kila siku tatu au nne, mradi unaona nyasi zinaliwa. Kama hazigusi kabisa, simama hapo hapo ulipofika, mpe siku chache. Mpime uzito kila wiki. Kupungua kidogo ni sawa, kupungua zaidi ya gramu 100 kwa wiki kwa sungura wa kilo mbili kunataka daktari. Karoti nzima ni sukari nyingi mno, mpe vipande viwili vya unene wa kidole, tena si kila siku. Mchicha changanya kwa zamu na matembele, majani ya karoti, giligilani na sukuma wiki, jumla viganja viwili kwa siku. Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo, anakunywa zaidi kuliko kwenye chupa ya kuning'iniza.

Choo chenyewe kipangwe upya. Sungura hula na kunya kwa wakati mmoja, ndivyo alivyo, na ukishalijua hilo kazi inakuwa nyepesi: nyasi ziwekwe chooni. Tafuta beseni la sentimita 40 kwa 30 hivi, lenye kuta za sentimita 12 au 15 kwa sababu anafukua. Chini tandika magazeti mazima, tabaka nne au tano. Juu yake weka sentimita mbili hadi tatu za kitu cha kunyonya mkojo, nitakitaja sasa hivi. Juu kabisa weka nyasi kavu za unene wa sentimita tano, na upande mmoja rundika nyingi zaidi, au funga kikapu cha nyasi ukutani ili aweze kuzifikia akiwa amekaa ndani ya beseni. Atazila zile alizokalia. Usishtuke, zilizolowa ataziacha. Siku ya kwanza rudishia gololi chache za zamani pamoja na kipande cha gazeti chenye harufu ya mkojo wake ili asidhani choo kimehama.

Kuhusu cha kunyonya mkojo, kanuni yangu ni moja: chagua kitu ambacho akikimeza kidogo hakitamdhuru, kwa sababu kidogo atameza tu. Sungura haoni kilicho chini ya pua yake, anakitambua kwa midomo na sharubu, kwa hiyo kila kitu kipya lazima kipite mdomoni. Vidonge vya karatasi iliyosindikwa ni vizuri kuliko vyote, ila vinatoka nje na bei yake inauma. Trei za mayai za karatasi, zikichanwa vipande vya ukubwa wa sarafu, zinafanya kazi karibu sawa. Chukua mpya, maana zilizotumika huwa na kinyesi cha kuku na unaweza kumletea salmonela. Magazeti yaliyochanwa ni ya bure lakini hayazuii harufu, na kwa joto letu utayabadilisha kila siku. Karatasi zinazong'aa za majarida hazifai, hazinyonyi na zina rangi nyingi.

Maranda je? Hayakumuua, na ukimuona mtu anayetumia usimtishe. Ila maranda mabichi ya paini yana mafuta yenye harufu ambayo sungura akiyavuta muda mrefu humsumbua mapafu na kulipa ini kazi ya ziada. Shida kubwa zaidi ni sakafu ya karakana. Pale chini kuna unga wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, unga wa mbao za kushindilia wenye gundi, vumbi la vanishi iliyopigwa msasa, pengine na misumari midogo. Fundi akifagia anafagia vyote. Sungura asiyekula maranda anaweza kuvumilia baadhi ya hayo, wa kwako anayatafuna. Pumba za mpunga nazo, wanazotumia wafugaji wa kuku, zina ncha kali na vumbi jingi. Mabunzi ya mahindi yaliyosagwa ni mabaya kuliko yanavyoonekana, kwa sababu yana ladha ya chakula na hayameng'enyeki.

Akiendelea kula karatasi hata baada ya wiki tatu za nyasi za kutosha, weka juu ya karatasi kichungio cha plastiki ngumu chenye matundu ya sentimita moja, mkojo upite na mdomo usifike. Funika nusu yake kwa nyasi. Wavu wa chuma hapana. Nyayo za sungura hazina ile nyama ngumu ya paka au mbwa, ni manyoya matupu, na akikalia waya hupata vidonda vya visigino ambavyo kuvitibu ni kazi ya miezi.

Toa sehemu iliyolowa kila siku, badilisha chote kila baada ya siku mbili. Gamba jeupe linaloganda chini ya beseni ni kalsiamu ya mkojo. Sungura hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula na kuimwaga kwa njia ya figo, kwa hiyo mkojo wake kuwa mweupe na mzito kidogo ni kawaida. Mimina siki na maji nusu kwa nusu, acha dakika 20, sugua, suuza.

Sasa majirani. Jiwe la chumvi halitamsaidia, peleti tayari zina chumvi na madini kupita anavyohitaji, na mengine ya mawe hayo yana kalsiamu anayoikojoa kwa shida. Pilipili itamwingia machoni na puani anapojilamba nyayo. Kumfukuza kutoka kwenye beseni kunamfundisha kwamba choo ni mahali pa kupigiwa kelele, naye ataanza kukojoa nyuma ya kochi. Na kama kuna atakayekushauri umlaze na njaa ili apate adabu, huyo usimsikilize hata kidogo. Sungura akikaa tumbo tupu nusu siku, utumbo unaanza kusimama.

Yapo mambo mawili yanayofanana na kula choo na siyo. Ukimuona anainamisha kichwa katikati ya miguu ya nyuma, anachukua kitu, anatafuna kidogo na kumeza, hicho ni kile kinyesi laini nilichokieleza. Mwache. Ukianza kukikuta kimepondeka sakafuni au kimemganda matakoni, peleti bado ni nyingi. La pili halimhusu dume wako, lakini wengine watasoma: jike anayebeba matandiko mdomoni bila kuyameza na kujinyofoa manyoya ya kifuani anajenga kiota. Ana mimba, au mimba ya uongo ambayo huisha yenyewe ndani ya siku 16 hadi 18.

Kuna kisa kimoja ambacho nyasi peke yake hazitakimaliza, nacho ni meno mabovu. Weka nyasi nzuri na ukae kando umwangalie kwa nusu saa. Mzima atavuta jani moja na kulimaliza lote kama mashine ya tambi inayorudi nyuma. Mwenye maumivu ataisogelea, ataiuma, ataiacha, atarudi kwenye kitu laini kama karatasi. Angalia kama kidevu kimelowa mate, kama chakula kinadondoka, pitisha vidole taratibu chini ya taya usikie kama kuna vinundu. Ukiona lolote kati ya hayo, mpeleke akakaguliwe magego kwa kifaa chenye taa. Meno ya mbele kuwa sawa hakuthibitishi chochote kuhusu ya nyuma.

Na sasa zile dalili za hatari. Asipokula wala kunya kwa saa 12, akijikunja kona moja na kusaga meno kwa nguvu, tumbo likiwa gumu kama mpira uliojazwa upepo, masikio yakiwa baridi, usingoje kukuche. Usimnyweshe mafuta. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Usimlazimishe chakula kwa bomba la sindano kama tumbo limevimba, maana kama kuna kitu kimeziba utaongeza shinikizo. Usinunue antibiotiki dukani ukampa mwenyewe: amoksilini ya kunywa, ambayo mtoto wako anapewa bila wasiwasi, huua bakteria wazuri wa sungura na inaweza kumuua yeye pia.

Piga simu kwanza uulize kama daktari ana uzoefu wa sungura, maana wengi wetu tumesomea zaidi ng'ombe, kuku na mbwa. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu na nyasi ndani. Beba gololi za mwisho alizotoa kwenye mfuko, kiganja cha ule mchanga wa paka pamoja na pakiti yake, na uandike saa ya mwisho aliyokula. Ukiambiwa ufike naye akiwa hajala kwa sababu atalazwa usingizi, uliza tena kwa upole: kufungishwa kabla ya nusukaputi ni kwa ajili ya wanyama wanaotapika, na sungura hamo.